Kisanduku Kisicho na Msumari
Historia fupi ya useremala wa meno katika nchi ya Masasi na Newala



Katika kijitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wamekwisha kueleza habari za mavuno, maghala, mizani na malipo. Sisi tuliombwa kuandika historia, nasi tumechagua jambo dogo, ambalo pengine wengine wataliona halistahili nafasi katika kijitabu cha wakulima wa korosho. Jambo lenyewe ni kisanduku cha mbao.

Kisanduku hicho kimo katika ofisi ya chama chetu cha msingi. Urefu wake ni inchi 14, upana inchi 9, na kimo inchi 7. Mbao zake ni za mninga, nazo kwa kushikwa na mikono ya makatibu wengi zimekuwa na rangi ya asali iliyoiva. Kilitengenezwa katika miaka ya 1960, ili kutunza daftari la wanachama, vitabu vya stakabadhi na mhuri. Wazee wetu wamezoea kukiita "sanduku la chama", wala hawakuhitaji kueleza zaidi. Ukikigeuza na kukitazama pande zote, hutaona kichwa cha msumari hata kimoja. Pembe zake nne zimeshikana kwa meno yaliyokatwa kwa mkono, ubao ukiingia ndani ya ubao mwingine, mfano wa vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana.

Mwaka huu pembe moja ya kisanduku hicho ililegea. Tukakichukua kwenda kwa seremala wa mjini, kijana mwenye bidii na adabu. Alikigeuzageuza, kisha akasema, "Ndugu Katibu, nitakupigia misumari minne tu, na kabla ya adhuhuri utakuwa nacho." Tukamwuliza kama hawezi kuyakata meno upya. Akajibu kwamba aliwahi kuyaona, lakini hajapata kufundishwa. Tukaenda kwa wa pili na wa tatu, na jibu likawa hilo hilo. Ndipo tulipotambua kuwa tunacho chombo ambacho, katika eneo letu, hatumjui mtu awezaye kukitengeneza. Basi tumeona ni wajibu wetu kuandika kilikotoka, maadamu wako wanaokumbuka.

Chombo cha gogo moja

Wako watu wanaodhani kwamba kabla ya mafundi wa misioni, watu wa nchi hii hawakuwa na kisanduku cha aina yo yote. Fikira hiyo si kweli. Wamakonde ni wachongaji tangu zamani, na sifa yao imevuka bahari. Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa mila za watu, alipofika Newala mwaka 1906, aliwakuta watu wenye vyombo vidogo vya mti vya kutilia ugoro, dawa na baruti, vyenye vifuniko vilivyochongwa kwa ustadi. Alikusanya vitu vingi vya nchi hii kwa ajili ya nyumba ya makumbusho ya mji wa Leipzig, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1908 kinaeleza safari hiyo.

Lakini chombo cha namna hiyo ni cha kipande kimoja. Fundi huchukua kipande cha mti, akakichimba ndani, akaacha ukuta mwembamba pande zote. Hakuna kiungo, kwa hiyo hakuna cha kulegea. Hata hivyo ukubwa wake una mpaka, kwani hauwezi kuzidi unene wa gogo, na gogo lililochimbwa likiwa bichi hupasuka likikauka. Ukitaka chombo kipana cha kulaza daftari, hapana budi upasue mbao na kuziunga. Hapo ndipo swali gumu la useremala linapoanza: mbao mbili zikutanapo pembeni, ni nini kitakachozishika?

Njia ya pwani na njia ya misioni

Jibu la swali hilo ni la kale mno. Katika makaburi ya Misri ya kale yamepatikana masanduku na vyombo vya nyumbani vilivyoungwa kwa meno yaliyopanuka mwishoni, yapata miaka elfu kadhaa kabla ya zama zetu. Kwa sababu ya umbo la meno hayo, mafundi wa mataifa mengi huyafananisha na mkia wa ndege.

Katika pwani yetu, miji ya Lindi na Mikindani ilipokea kwa majahazi makasha kutoka Bara Hindi na Arabuni. Makasha hayo yalipambwa kwa mabamba na misumari ya shaba, yakawekwa vyumbani mwa matajiri kutunza nguo, hati na vito. Mtu akiyaona hudhani kwamba yameshikwa na shaba ile, kumbe misumari mingi ni pambo tu, na katika baadhi yake kazi ya kushika hufanywa na meno ya mbao yaliyo pembeni.

Njia ya pili ilikuwa ya misioni, nayo ina historia ya machozi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, aliondoka Unguja akiongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani. Wengi wao asili yao ilikuwa katika nchi za bara karibu na Ziwa Nyasa, na nia ilikuwa kuwarudisha kuelekea huko. Walipofika Masasi, chini ya milima yake ya mawe, hawakuendelea mbele. Wakajenga kijiji papo hapo. Huko Unguja, misheni hiyo ilikuwa ikiwafundisha vijana waliokombolewa kazi za mikono, kama vile useremala, uashi na uchapaji. Basi tukumbuke kwamba miongoni mwa watu wa kwanza wa nchi za Kiswahili kushika randa na patasi katika karakana za misioni ni watu waliokuwa wameuzwa sokoni kama bidhaa.

Kijiji cha Masasi hakikukaa kwa amani. Mwezi wa Septemba mwaka 1882 kilivamiwa na Magwangwara, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Padre Chauncy Maples na wenzake wakahamia Newala, juu ya uwanda, wakapata hifadhi kwa Matola, mtawala wa Kiyao. Baadaye Masasi ilisimama tena. Na mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, misioni yake ikachomwa moto. Vituo vya Wabenediktini vya Lukuledi na Nyangao navyo viliharibiwa mwaka huo huo, na mwaka 1906 watawa hao wakaanzisha kituo cha Ndanda, ambacho karakana zake, pamoja na ya useremala, zimejulikana kote kusini.

Kwa njia hizo ufundi ulienea. Kila shule ilihitaji madawati, kila kanisa milango, kila zahanati kabati. Kijana aliyejifunza misioni alirudi kwao na msumeno wake, akamfundisha mpwa wake. Tunasema mpwa kwa makusudi, kwa kuwa katika nchi hii ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kumlea kijana katika mambo mengi. Fundi aliyetengeneza sanduku la chama chetu alipata ujuzi wake kwa mjomba wake, na mjomba wake aliupata misioni. Sisi tulibahatika kumjua fundi huyo katika uzee wake, na tulipokuwa wavulana tulikaa mara nyingi barazani pake kumwangalia.

Jinsi meno yanavyokatwa

Tutaeleza kazi yake kwa kadiri tunavyoikumbuka, ili msomaji ajue kwa nini haifanywi kabla ya adhuhuri.

Kwanza ni ubao wenyewe. Mzee alipenda mninga, maana ukishakauka vema haujikunji wala hauvimbi sana, na mchwa hawaushambulii upesi. Ubao mbichi hakuukubali hata kwa bei rahisi. Alizipanga mbao zake chini ya paa, akiweka vijiti katikati ili upepo upite, akaziacha mpaka aliporidhika nazo. Kisha alizipiga randa mpaka zikawa na unene mmoja, akazikata ncha zake mraba kamili. "Ncha ikiwa na kombo," alituambia, "kombo hilo litakufuata mpaka kwenye kifuniko."

Pili ni kupiga mistari. Alishika mahati, akaiweka sawa na unene wa ubao utakaoungwa, akachora mstari kuzunguka ncha ya kila ubao. Mstari huo ndio mpaka. Msumeno hauruhusiwi kuuvuka. Kisha akachora mikia kwenye mbao mbili ndefu za ubavuni. Mkia ni mwembamba kwenye shina, mpana kwenye ncha. Mshazari wake una kiasi: katika mti mgumu kama mninga, hatua 8 mbele kwa hatua 1 kando, katika mti laini, hatua 6 kwa 1. Ukizidisha mshazari, pembe za mkia huvunjika kwa kuwa nyuzi zake ni fupi mno. Ukiupunguza mno, mkia hauna cha kushikia, utachomoka.

Tatu ni kukata. Alitumia msumeno mdogo wenye mgongo wa chuma na meno madogo madogo, akikata upande wa takataka na kuuacha mstari uonekane. Mbao zilizobaki katikati ya mikia alizitoa kwa patasi kali na nyundo ya mti. Alipiga kutoka uso mmoja mpaka nusu ya unene, akageuza ubao, akapiga kutoka uso wa pili, vipande vikakutana katikati. Anayepiga patasi moja kwa moja mpaka upande wa pili hubomoa uso wa ubao, na kosa hilo halifichiki.

Nne, na hapa ndipo penye siri ya kazi nzima, ni kuyapata meno ya ubao wa pili. Mzee hakuyapima kwa rula. Aliulaza ubao wenye mikia juu ya ncha ya ubao wa pili, akaifuatisha mikia ile kwa ncha ya kisu. Maana yake ni kwamba kila jino hukatwa kwa kufuata mkia wake wenyewe, pamoja na kasoro zake. Kwa ajili hiyo kila pembe hutiwa alama, moja mpaka nne, kwani jino la pembe hii halitaingia sawasawa katika pembe ile. Tulimwuliza kwa nini asitengeneze kipimo kimoja kwa pembe zote. Akacheka, akatwambia, "Wajukuu zangu, mkono hauwezi kukata sawa mara mbili. Usiulazimishe ubao kufanana na mwenzake. Ufanye ukae naye."

Tano ni kuunga. Kiungo hakijaribiwi mara kwa mara, kwa sababu kila kikiingia na kutoka hulegea kidogo. Mzee alikiingiza nusu tu, akatazama, akapunguza palipobana kwa patasi, kisha akapaka gundi na kukigonga mara moja mpaka mwisho. Kabla gundi haijakauka, alichukua kijiti akapima kutoka pembe mpaka pembe ya mkabala, kisha pembe zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, kisanduku ni mraba. Visipolingana, alikisukuma taratibu mpaka vikalingana. Ubao wa chini aliuingiza katika mfereji bila gundi, ili uweze kupanuka wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi pasipo kuzipasua kuta.

Nguvu ya kiungo hiki imo katika umbo lake. Sanduku letu lina vishikio katika ncha zake mbili. Ukiliinua likiwa limejaa, uzito huzivuta mbao za ncha kwenda nje. Mikia ya mbao za ubavuni, kwa kuwa ni mipana mwishoni, haiwezi kupita katikati ya meno. Kwa hiyo kadiri unavyovuta, ndivyo inavyobana. Msumari hauna nguvu hiyo. Msumari uliopigwa katika ncha ya ubao hufuata nyuzi za mti, hauzikati, nao hupata mshiko hafifu. Tena hupata kutu, na katika mti mgumu huweza kupasua ubao karibu na ukingo.

Bati, misumari na miaka ya misukosuko

Kwa nini basi kazi hii imepungua? Tusiwalaumu vijana peke yao. Sanduku la bati lilipofika madukani, lilikuwa jepesi na la bei nafuu, tena halikuhitaji kungojewa. Sisi wenyewe tulikwenda shule ya sekondari ya bweni tukiwa na tranka la bati, wala hatukuona haya. Baadaye vikaja vyombo vya plastiki. Misumari na gundi za dukani zikamwezesha seremala kumaliza kwa siku moja kazi ya siku tatu, na mnunuzi asiyejua tofauti hakukubali kulipa zaidi. Mninga wenyewe umekuwa adimu, na kuukata msituni kunahitaji kibali kwa sheria, kama inavyostahili.

Sanduku letu lilipita katika miaka hiyo yote. Liliona korosho za nchi nzima zikifikia tani 145,000 katika msimu wa 1973/74. Liliona Vyama Vikuu vikivunjwa mwaka 1976 na kazi za ushirika zikiwekwa mikononi mwa vijiji. Mzee mmoja wa kamati ya zamani alilichukua nyumbani kwake, akalitunza darini pamoja na daftari la wanachama. Korosho zikashuka mpaka tani zipatazo 16,500 katika msimu wa 1986/87, kwa kuwa watu walihamishwa mbali na mikorosho yao, bei ikawa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri ukaenea. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vya ushirika. Na chama cha kijiji chetu kilipoanza upya, mzee yule alilirudisha sanduku, na daftari likiwa ndani, bila kupungua karatasi. Majina yale ya zamani yaliwasaidia watu kadhaa kuonyesha kwamba baba zao na mama zao walikuwa wanachama. Na tangu msimu wa 2007/08, utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoanza mkoani kwetu, lilitunza nakala za stakabadhi mpaka kabati la chuma liliponunuliwa.

Randa kwa huyu, msumeno kwa yule

Sasa tuna jambo la kukiri, nalo ni zito kwetu.

Fundi wetu alifariki miaka 6 iliyopita. Hakuwa na mwanafunzi. Wapwa zake ni wengi, na kwa desturi vyombo vyake vikagawanywa miongoni mwao: huyu akapata randa, yule msumeno, wa tatu patasi, wa nne mahati na jiriwa. Hakuna aliyedhulumiwa, kila mtu alipata haki yake. Lakini kazi yenyewe haikugawanyika. Mwenye randa hana msumeno, na mwenye msumeno anakatia kuni.

Kabla ya mgawanyo huo, ukoo ulikuwa umekuja ofisini mwetu. Walisema kwamba wako tayari kuviuza vyombo vyote kwa pamoja kwa chama, kwa bei ya wastani, ili visitawanyike. Kamati ililizungumza jambo hilo kwa muda mfupi. Sisi tulikuwa ndio kwanza tumeushika ukatibu, nasi ndio tuliosema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba ushirika wetu ni wa korosho, si wa mbao, na kwamba mkaguzi angetuuliza maswali. Wajumbe wakakubali. Mkubwa wa ukoo akatushukuru, akaaga, akaenda zake. Neno lile tulilolisema lilikuwa la mtu ajuaye hesabu, wala halikuwa la mtu aliyekaa barazani pa mzee yule.

Ushirika ulianzishwa kwa sababu mkulima mmoja peke yake hana nguvu ya kununua mizani, kujenga ghala wala kukodi lori. Alichoshindwa mmoja, wengi walikinunua, kikawa cha wote, na mwenye kufa hakuondoka nacho. Vyombo vya fundi ni vya namna hiyo hiyo. Vingekuwa mali ya chama, vingekaa pamoja, na kijana ye yote angeweza kuviazima na kujifunza.

Kwa hiyo tunapeleka ombi mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka huu. Kwanza, vyama vyetu vya msingi viruhusiwe kuweka seti moja moja ya vyombo vya useremala, iandikwe katika daftari la mali kama zinavyoandikwa mizani. Pili, wajumbe wa Masasi na Newala waulize vijijini mwao kama yuko mzee aliye hai ajuaye kukata meno, naye aombwe kwa heshima, na kwa malipo, awafundishe vijana wawili au watatu. Tatu, sisi wenyewe tumekwisha kuanza kuwaendea wapwa wa marehemu, mmoja mmoja. Randa tumeipata. Mahati na jiriwa tumeahidiwa. Mwenye msumeno bado anafikiri, nasi hatumlaumu.

Sanduku lenyewe bado liko mezani petu, pembe yake moja imefungwa kwa kamba ya katani. Hatukukubali lipigwe misumari. Tunalingoja fundi, na fundi huyo yamkini kwa sasa ni mtoto wa darasa la sita katika mojawapo ya vijiji vyenu.